Siku Niliyosema Nakoboa

Haya jamani, sogeeni huku. Wewe uliyekaa mlangoni ingia ndani, upepo wetu wa Dodoma utakujaza mchanga masikioni halafu kesho useme mimi sikusimulia vizuri. Nawapa habari ya mashine yangu ya kusaga, jinsi neno moja lilivyotaka kuimeza nzima nzima, na mota yake.

Mtaa wetu siutaji. Jueni tu kwamba ukienda Nkuhungu kwa mguu, unaondoka na viatu unarudi na ndala. Na mashine ikinguruma, kuku wa majirani wanataga kabla ya siku zao kwa hofu. Mimi nikitoka mle ndani na unga mwili mzima, mbwa wangu mwenyewe ananibwekea. Shule sikwenda. Mashine hiyo ndiyo inayonilisha mimi, watoto, mume na huyo mbwa asiyenijua.

Basi ulikuwa msimu wa kampeni. Kinamama wako kwenye foleni na ndoo zao za mahindi, mmoja akanichokoza: "Mama Mashine, mwaka huu udiwani unampa nani?"

Diwani wetu alikuwa amekaa kwenye kile kiti mpaka kiti kikaanza kumwita baba. Nikajibu huku namimina mahindi: "Dona nimekula vya kutosha. Mwaka huu nakoboa."

Dona si mnaijua, mahindi yanasagwa na ganda lake. Ukikoboa, ganda linatoka kwanza. Na kila aliyekuwa pale alijua ganda ni nani. Walicheka mpaka ndoo zikalala chini. Nami nikajiona mtu mwenye maneno.

Kesho yake hakuja mtu. Keshokutwa hivyo hivyo. Nawaona wanapita, ndoo kichwani, shingo zimenyooka kama twiga aliyevunjiwa heshima, wanakwenda kusaga Nkuhungu na jua lote lile. Kwangu unga uliisha hata sakafuni. Panya walikaa kikao, wakahamia Kibaigwa kwenye soko la mahindi kutafuta maisha.

Nikaanza kuuliza. Mmoja akasema, "Siku hizi tunakula wali, Mama Mashine." Wali, mtaa mzima, na harusi hakuna. Mwingine akasema mumewe kakatazwa ugali na daktari. Jioni nikamwona huyo mume kakaa kibarazani, kashika tonge kubwa kama kichwa cha ndama, mlenda unamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Kaniona, kalificha tonge nyuma ya mgongo.

Nikamfuata jirani yangu, Mrangi wa Kondoa, muuza karanga, mtu asiyejua kuficha.

"Shoga, mmekatazwa au mmesusa?"

"Mimi nimesusa," akasema, anapepeta karanga zake, wala hanitazami. "Lile bomba kaleta diwani. Kabla ya bomba mgongo wangu ulipinda kama jembe kwa kubeba maji. Wewe unamwita ganda. Basi mashine yako siji."

"Si ungeniambia."

"Si ndiyo nakuambia."

Hilo jamani liliniuma, lakini nililikubali. Mguu wake, ndoo yake. Hata mimi bucha la pale kona sijalikanyaga tangu mwenyewe aliposema sisi Wagogo tukipewa ofisi tutafugia mbuzi ndani. Nikipita pale naangalia mawinguni, na nataka anione ninavyoangalia mawinguni. Mtu aliyesusa anapenda ujue kasusa, ndiyo raha yake. Sasa hawa wa wali na daktari walikuwa wanajificha. Hapo ndipo roho yangu ilipogoma.

Haikupita wiki akaja bwana afya, ambaye tangu nifungue mashine sikuwahi kumwona hata kwa bahati mbaya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Akapitisha kidole ukutani. "Mama, hapa pana vumbi."

"Huo ni unga, mwanangu. Hii ni mashine ya unga."

"Nitarudi."

"Lini?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

Akaangalia bati la juu kama jibu limegandia huko, akaondoka.

Nyuma yake akaja mtendaji wa mtaa, anatabasamu meno yote, na yale ya kuazima. "Mama yangu, wewe saga tu. Mambo ya kukoboa waachie wenyewe." Nikamwambia mashine ninazo mbili, ya kusaga na ya kukoboa, je, hii ya kukoboa niing'oe? Hakucheka. Mtu akishindwa kucheka hapo, ujue ana jambo.

Tangu siku hiyo nikawa namshuku kila mtu. Mume wangu akikohoa, naona anatoa taarifa. Jogoo akiwika mara mbili, najiuliza ya pili kamwikia nani.

Mkutano wa mtaa ulipoitishwa, nikaenda nikasimama mbele za watu. Nikasema: "Mahindi ni yenu, kunisusa mna haki. Nataka kujua kitu kimoja. Mmenisusa wenyewe, au ofisi imepita kuwaambia? Kama ni wenyewe, basi sina wateja tena, mashine naiuza nakwenda kulima kwa dada yangu Mlali. Kama mmeambiwa, siendi popote. Nitawangoja hapo hapo mpaka tuzeeke wote."

Mtendaji akainuka, mkono kifuani. "Serikali haina ugomvi na mashine ya mtu. Kama yupo aliyekatazwa na ofisi yangu kusaga kwa huyu mama, asimame aseme hapa."

Nikasikia nyasi zinaota, na kile kilikuwa kiangazi.

Akasimama jirani yangu muuza karanga. "Mimi nimesusa kwa akili yangu, na nikitaka kurudi nitarudi kwa akili yangu. Naomba nisichanganywe na wengine."

"Mmemsikia," mtendaji akasema. "Hakuna aliyekatazwa."

"Sijasema hakuna. Nimesema mimi," akajibu, akakaa.

Mtendaji akajifuta jasho. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Kinamama wote wanachunguza kucha zao za miguu. Yule mwenye mume wa daktari kajifunika kanga mpaka puani. Moyo wangu nao umeshaanza kufunga mizigo ya Mlali.

"Nauliza mara ya mwisho," mtendaji akasema. "Nani kakatazwa? Hayupo. Basi tufunge."

Kule nyuma alikaa bibi mmoja, masikio yamechoka, sauti bado ile ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mbuga. Alimwinamia mwenzake, akidhani ananong'ona, na mkutano mzima ukamsikia:

"Sasa tutasimamaje, na alipopita nyumbani si yeye mwenyewe alisema hili tusimwambie mtu?"