Perez Aliyefuata Alama za Tairi Hadi Matangani

Saa mbili asubuhi, mvua imeacha madimbwi kila mahali hapa Nyamasaria, na Perez Aoko amechuchumaa katikati ya njia ya kwenda ziwani kana kwamba ameangusha sindano. Amevaa gambuti na gauni la maua, leso ameifunga kiunoni. Anatia vidole viwili ndani ya alama iliyoachwa na gurudumu, anapima kina chake, kisha anakunja uso.

"Mama, umepoteza nini?" anauliza mwanamume anayepita na baiskeli iliyosheheni mitungi ya maziwa.

"Sijapoteza kitu. Nasoma."

"Unasoma matope?"

"Enda salama, Bwana. Na hiyo gurudumu yako ya nyuma inatoa upepo."

Mwanamume anacheka na kukanyaga pedali. Hatua hamsini mbele anashuka, anabonyeza gurudumu la nyuma, na hacheki tena.

Nyuma ya Perez amesimama mwalimu mmoja aliyenunua pikapu mwezi uliopita. Amekuja kuambiwa ni tairi gani litafaa kwa barabara ya kwao, na mkononi ameshika kilo mbili za sukari. Kwa kazi hii Perez hapokei pesa.

"Nikikula pesa ya mtu halafu akwame, atanitafuta mpaka nyumbani," anaeleza. "Lakini sukari ikiisha, kesi imeisha."

Perez ana umri wa miaka arobaini na tisa na ni mama wa watoto wanne. Ndiye dereva wa pekee wa pikapu ya kikundi cha kina mama kiitwacho Konyri. Jina hilo la Kidholuo lina maana ya kujisaidia, na kina mama wenyewe huomba lisitafsiriwe kwa Kiswahili mbele ya wageni.

Gari lao ni Land Cruiser kuukuu, zito, lenye sauti ya mzee anayesafisha koo. Mara tatu kwa wiki hushuka ufukoni kuchukua samaki, mbuta na omena, kisha hupanda hadi sokoni Kisumu, na siku nyingine hufika Otonglo. Kwenye lami halina shida. Shida ni kilomita tisa za udongo mweusi kati ya Nyamasaria na ziwa. Wakati wa kiangazi udongo huo hupasuka nyufa za kumeza kiatu, na mvua ikinyesha hushika gurudumu kama mtoto aliyekataa kuachishwa ziwa.

Perez alijifunza kuendesha mwaka 1978, mumewe Gordon alipovunjika mguu. Gordon alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya mpunga, na mavuno yalikuwa yamefika. Alimfundisha mkewe kwa siku nne, yeye akiwa amelala kwenye mkeka kando ya shamba na kupiga kelele. "Alinifundisha matusi kwanza, gia baadaye," asema Perez.

Lakini si trekta lililompa jina. Jina lilitokana na mazishi ya mtu asiyemjua.

Mwanzoni mwa mwaka 1992, pikapu ya Konyri ilikuwa ikitembelea matairi ya zamani yaliyovikwa mpira mpya. Yalikuwa rahisi, na yalipendeza macho. Mwezi Machi, karibu na Ahero, tairi moja la nyuma lilivua ngozi yake yote likiwa mbioni. Kipande cha mpira kirefu kuliko mtu kiliruka ua na kuangukia katikati ya kwaya iliyokuwa ikifanya mazoezi uani. Sauti ya nne ndiyo iliyokimbia kwanza. Mzee mmoja peke yake alibaki, akavua kofia na kukisalimu kipande hicho kwa heshima, akidhani ni chatu aliyeleta baraka.

Gari lilikaa pale mpaka jioni, na barafu ikayeyuka. Shehena nzima ya mbuta ikaharibika.

Kikundi kiliitisha mkutano. Nusu ya wanachama walitaka pikapu iuzwe. Nusu nyingine walitaka Perez apewe nafasi moja ya mwisho: anunue matairi manne, na kama mvua za masika zingemshinda, gari lipelekwe sokoni kama ng'ombe.

"Hapo sikulala vizuri," anakumbuka. "Kabla ya hiyo gari tulikuwa tunabeba samaki kwa kichwa. Shingo yangu ilikuwa imesahau, na sikutaka ikumbuke."

Ushauri haukukosekana. Mwenyekiti wa kikundi, Beldina, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto, alimwagiza achague yaliyo meusi kuliko yote. Mwingine alitaka yenye maandishi meupe ubavuni, ili gari lionekane la watu waliosoma.

Perez akaenda mjini. Katika duka la kwanza, kijana mwenye tai alimwonyesha tairi pana lenye kung'aa kama sufuria mpya.

"Hii, mama, hata kiboko akiiona atatoka njiani."

"Inatema tope?" akauliza Perez.

"Tairi haitemi, mama. Tairi inazunguka."

Perez akamshukuru na kutoka.

Aliyemfungua macho ni Wakoli, fundi wa pancha mwenyeji wa Bungoma, ambaye banda lake liko kando ya barabara kuu. Wakoli alikuwa ameziba tyubu za pikapu ya Konyri mara nyingi hivi kwamba alizijua kwa makovu yao.

"Kwa duka tairi yote ni mzuri," Wakoli alimwambia. "Wewe enda kwa ile njia yako, mvua ikishanyesha. Angalia ni nani amepita na ni nani amekwama. Ukipata ile imepita, shika alama yake ufuate mpaka mwenyewe umwone."

Aliongeza mambo matatu ya kuangalia. Meno ya tairi yawe yameachana, ili tope litoke gurudumu likizunguka. Ubavu uwe mgumu, kwa sababu miiba na mawe ya huku hupenda ubavu. Na asidanganyike na upana. Katika udongo mweusi, tairi jembamba hukata tope na kutafuta ardhi ngumu chini, wakati pana huteleza juu juu kama sabuni.

Siku mbili mfululizo Perez alitembea njia ile kwa miguu. Aliona alama za matairi mapana zikienda vizuri, zikianza kuyumba, kisha zikiishia mtaroni penye majani yaliyokanyagwa na nyayo za watu waliosukuma. Aliona mahali ambapo mtu alikuwa ametandika koti lake chini ya gurudumu, na koti lilikuwa bado pale.

Siku ya tatu, Ijumaa, aliikuta.

Ilikuwa alama nyembamba, yenye meno makubwa yaliyoachana, na imezama sana, dalili kwamba gari lilikuwa na mzigo. Ilipita katikati ya tope baya kuliko yote bila kuyumba hata kidogo. Perez akafungua leso, akapima upana wake, akafunga fundo mahali ulipoishia, na kuanza kufuata. Alifuata kilomita sita. Alama zikakata kona, zikapita shamba la mtama, zikaingia katika boma lililojaa watu.

Katikati ya boma lilisimama gari la maiti. Jeneza lilikuwa limeteremshwa muda mfupi tu uliopita.

"Nilitaka kurudi," asema Perez. "Lakini walikuwa wameshaniona. Na kwetu mwanamke haingii matangani kimya kama amekuja kununua mkaa."

Basi akaingia akilia. Aliweka mikono kichwani na kuomboleza kwa sauti, akikwepa kutaja jina, kwa maana hakulijua. Marehemu alikuwa mzee mstaafu wa reli aliyeacha wajane wawili, na waombolezaji walimpisha mgeni huyu mwenye uchungu mwingi. Wakategemea aelekee kwenye jeneza. Perez akaelekea kwenye gurudumu la nyuma.

Alipiga magoti, akatia mkono katikati ya meno, akachokoa tope. Donge likamrukia jichoni. Machozi ya kweli yakaanza kumtoka, huku amelizungushia tairi leso yake ili kulinganisha fundo.

Kwa mbali, alionekana mwanamke asiyejulikana akikumbatia gari lililomleta marehemu na kulia kama mvua.

Mjane mkubwa, Mama Lornah, akainuka polepole kwenye mkeka.

"Na huyu," akauliza, "ni wa wapi?"

Boma zima likageukia gurudumu, hata mbwa.

"Natoka Nyamasaria, mama," akajibu Perez, amefumba jicho moja.

"Uko na watoto?"

"Wanne."

"Wanne!" akamaka mjane mdogo na kuangusha sufuria. Wazee wa ukoo wakatazamana, na mmoja akaanza kuhesabu kwa vidole jinsi shamba litakavyogawanywa.

"Ni watoto wangu mimi! Na bwana yangu anaitwa Gordon, yuko hai!" Perez akapaza sauti. "Mimi nimekuja kwa sababu ya tairi! Nimefuata alama yake!"

Hakuna aliyemwamini. Mzee wa vidole akasema kwamba marehemu hakuwahi kumiliki hata baiskeli, kwa hiyo mwanamke huyo atafute uongo mwingine. Dereva wa gari la maiti, mwanamume aitwaye Joram, akaombwa aseme kama anamfahamu. Joram akatikisa kichwa na kusogea kando, kama mtu asiyetaka mazungumzo yamfikie.

"Simjui," akasema. "Na hakuna mtu anaweza kufuata gari kwa alama tu."

Neno hilo lilimchoma Perez. Akasimama, akapangusa jicho, na kuanza kusoma safari ya Joram mbele ya ukoo mzima.

"Tairi yako ya nyuma kushoto iko na jino moja limekatika. Angalieni."

Kijana mmoja akainama, akaangalia, akasema ni kweli.

"Pale darajani ulipita upande wa kulia. Halafu ulisimama kwa Nabwire."

"Nabwire yupi?" akauliza Mama Lornah, ingawa kila mtu alimjua Nabwire, mpika pombe ya busaa.

"Sikusimama popote!" Joram akasema. "Nilipata pancha, niliwaambia!"

"Hakuna alama ya jeki," akajibu Perez. "Lakini kuna oili imedondoka mahali pamoja mpaka ikajaa kama kibakuli. Hiyo ni karibu saa nzima. Na kuna viatu vilitoka kwa gari vikaenda mlangoni vimenyooka. Vilirudi vimepinda."

Watu wote wakatazama viatu vya Joram. Familia ilikuwa imemngojea tangu asubuhi, imesimama juani, na yeye alikuwa amemwegesha marehemu nje ya kilabu.

Vijana wakaanza kukunja mikono ya mashati. Aliyemwokoa Joram ni Mama Lornah mwenyewe. Mabega yake yalianza kutikisika, na waliokuwa karibu wakadhani amezidiwa na kilio. Kumbe alikuwa anacheka.

"Muacheni," akasema akijifuta kwa ncha ya leso. "Kama ni kwa Nabwire, basi mzee mwenyewe ndiye alimwambia asimame. Hakuwahi kupita pale bila kusalimu."

Wakacheka hata wazee. Perez akapewa kiti, uji, na baadaye sahani ya nyama. Joram, akiwa amenuna, akamtajia kila kitu: saizi saba hamsini kwa kumi na sita, plai kumi, yaani ubavu wa matabaka kumi, na upepo usijazwe mpaka tairi liwe gumu kama jiwe wakati wa kuingia matopeni. Matairi yale yalikuwa na miaka mitatu. Ya gari la maiti hayana ruhusa ya kukwama, alisema, kwa sababu abiria hawezi kusukuma.

Habari zilifika Nyamasaria kabla ya Perez. "Niliambiwa mke wangu amemlilia mwanamume huko Kano mpaka akakumbatia gari," asema Gordon. "Nilikaa mlangoni nikamngoja. Aliporudi akaanza kunieleza mambo ya meno na ubavu. Nilizidi kuogopa."

Jumatatu iliyofuata Perez alinunua matairi manne. Beldina alipoyaona akashika kiuno. "Perez, haya ni matairi ama miguu ya korongo?"

Mvua zilinyesha mwezi mzima. Mara kadhaa pikapu ya Konyri iliyapita magari yenye matairi mapana yakiwa yamelala mtaroni. Mara moja aliyepitwa alikuwa yule kijana mwenye tai wa duka la kwanza, aliyekuwa amepewa lifti na mteja wake. Perez akamvuta kwa kamba, na hakumkumbusha kitu. Kwa msimu wote samaki walikosa kufika sokoni siku mbili tu, maji yalipofunika daraja. Hakuna tena aliyezungumzia kuuza gari.

Leo, mwaka 1996, matairi mawili kati ya yale manne bado yanatembea mbele. Wanaokuja kumwona kabla ya kununua ni wafanyabiashara wa mkaa, wachungaji na wauza miwa. Mama Lornah naye humtumia kuku kila Krismasi. Humwita nyieka, yaani mke mwenza, na Gordon humla kuku huyo bila kuuliza swali.

Perez sasa ana mpango mmoja. Goti limeanza kumuuma kwa kukanyaga klachi, na kikundi kinataka kununua pikapu ya pili. Anahitaji dereva mwingine, na ni Beldina peke yake aliyejitolea. Ana miaka hamsini na sita. Mtihani wake wa udereva ni mwezi wa Novemba.

Mwalimu akishaondoka na jibu lake, Perez anarudi barabara kuu, pikapu ilipoegeshwa mbele ya banda la Wakoli. Beldina anapanda kwenye usukani, anatengeneza kitambaa kichwani akitumia kioo cha gari, na kuwasha injini. Pikapu inaruka mbele kama chura. Kuku wanatawanyika. Wakoli anaondoa jeki yake barabarani haraka.

"Klachi, mama! Klachi!" anaita Perez akikimbia kando ya dirisha na gambuti zake.

"Iko wapi?" anaitikia Beldina kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya mto.

"Mpaka Novemba atajua," asema Perez akihema, gari likiwa limejizima lenyewe kwenye nyasi. Anafungua mlango, anasukuma nyonga ya mwenyekiti wake kidogo, na kuketi karibu naye. "Washa tena, Bel. Polepole."