Siku Kompyuta Ilipopiga Induru Ukweni

Mpaka leo nikipita gulioni Keza kuna watu wazima na akili zao ambao wakiniona wanabana midomo na kuiga king'ora, wiuu, wiuu, wiuu, halafu wanaangua kicheko, na mimi nacheka nao kwa sababu nikinuna ndiyo nitakuwa nimewaongezea kuni. Aibu ni yangu, nimeshaizoea. Acheni niisimulie mwenyewe, maana majirani zangu wa Murukulazo wameitia chumvi mpaka wanadai king'ora kilisikika Nemba, jambo ambalo ni uongo mtupu (kilisikika ng'ambo ya bonde tu, na hiyo ilitosha).

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, kambi zimejaa, na sisi vijana tuliojua kugusa kompyuta tulikuwa tunaokotwa na mashirika kama senene wa msimu. Mimi nilikuwa karani kwenye ofisi moja pale Ngara mjini, naandika taarifa za mgao wa mahindi na maharage, na adui yangu hakuwa mahindi wala maharage, alikuwa antivairasi. Kama hujawahi kuishi nayo, ni programu ya kuilinda kompyuta na virusi, ila ya kwetu ililinda mpaka kazi yenyewe isifanyike. Ukiwasha asubuhi inaanza kukagua kila kitu, kompyuta inaganda, unakwenda kunywa chai na chapati, unarudi, bado inakagua. Ukichomeka flashi inataka kujua imetoka wapi na imebeba nini. Tuliibandika jina la Balozi, maana ilikuwa na tabia zilezile za balozi wa nyumba kumi, ambaye mgeni wako hajatua mzigo naye ameshapiga hodi kuuliza atalala siku ngapi. Ikiona kitu isichokipenda inapiga king'ora cha polisi, na huwezi kuizima, kwa sababu neno la siri alikuwa nalo mtaalamu mmoja wa Dar es Salaam ambaye simu yake ilikuwa haipatikani. Kilichotuokoa ni kitufe kimoja kidogo cha kuiambia "Baadaye". Ukikibonyeza, Balozi ananyamaza kwa muda. Nilikibonyeza mpaka kikawa kama ndugu yangu.

Sasa, Consolata. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Keza, na nilimpenda hadi nikawa nasahau kula (acheni kucheka). Tatizo lilikuwa baba yake, Mzee Mathiasi, aliyekimbia Burundi akiwa kijana, zamani kabla ya hizi kambi, akapewa shamba Keza, akapanda migomba na kahawa, akazaa watoto wake wote palepale. Mzee huyu hakuwaamini kabisa vijana wa ofisi za wakimbizi. "Kambi zikifungwa," alimwambia binti yake, "huyo atakulisha kompyuta?" Siku ya kwenda kujitambulisha ndiyo ingekuwa siku ya kupata au kukosa, na Consolata aliniambia wazi kwamba baba akisema hapana ni hapana, na kuna mwenye duka mmoja huko Biharamulo anangoja zamu yake.

Ungekuwa wewe ungekwenda na nini? Pombe ya ndizi, soda, kitenge cha mama, basi. Mimi nikaona niende na laptopu ya ofisi. (Bosi aliniruhusu niichukue nikamalizie taarifa nyumbani; ukweni hakukutaja, na mimi sikukutaja.) Nilitaka mzee ajionee kwamba hiki kitu kinachonilisha ni cha maana, hata kwaya kinaimba. Nikamkodi Deo mwenye spika, akafunga honi mbili kubwa juu ya mparachichi, mwalimu wa kwaya akanipa flashi yenye nyimbo, nikaichomeka. Balozi hakuchelewa: mgeni ameingia, nimkague? Nikabonyeza Baadaye. Kwaya ikaanza, akina mama wakapiga vigelegele, Mzee Mathiasi akatikisa kichwa kidogo kufuata wimbo, na mimi nikaenda kukaa nikijiona nimeshaoa.

Hapa lazima mnielewe. Kwetu mchumba haongei ukweni. Unakaa kwenye benchi umeinamisha kichwa, msemaji wako ndiye anayesema, na wenyeji wana haki ya kuwapima kwa vituko vya kila namna: watasema hawana binti, watasema mmepotea njia, watamtoa bibi kizee wadai ndiye mliyemfuata. Msemaji wangu alikuwa baba mdogo Petro, mtu wa zamani anayechanganya l na r, na njiani alikuwa ameniapisha: "Hata nyumba iungue, usisimame mpaka mimi nikwambie."

Wimbo ukasimamishwa. Baba mdogo akajikohoza, akaegemea fimbo yake, akaanza: "Tumesikia boma hiri rina mgomba mzuri..." Na hapo hapo ile baadaye ya Balozi ikafika.

WIUU! WIUU! WIUU! Jamani, ile sauti ofisini ilikuwa inatuudhi tu, lakini kupitia honi mbili juu ya mparachichi ilikuwa kitu kingine kabisa, kuku waliruka, mbuzi wakakata kamba, na kwa kuwa kila wimbo kwenye ile flashi ulikuwa na kirusi chake, king'ora kilikuwa kikimaliza kimoja kinaanza kingine. Nikamnong'oneza baba mdogo, "Niruhusu nisimame, ni mashine yangu." Akanikandamiza bega. "Turia! Wanatupima hawa. Ukisimama tumekosa mke."

Kumbe jikoni mama yake Consolata alikuwa amesikia, na yeye hakujua king'ora ni nini, alijua tu kwamba ni hatari, akaweka mikono mdomoni akapiga induru. Na induru kwetu si mchezo. Ni ukelele wa kuomba msaada, na yeyote anayeusikia anaacha alichoshika na kuja mbio, kwa sababu asiyekuja ndiye atakayeulizwa kesho alikuwa wapi. Miaka ile tena, majambazi wanateka magari barabarani, watu walikuwa wanalala na filimbi! Jirani akaipokea induru, na wa jirani yake akaipokea, bonde zima likaitika. Wageni na wenyeji wakatawanyika migombani, wa kwanza kabisa akiwa Deo mwenye spika, ambaye ndiye aliyepaswa kuchomoa waya.

Wakaja. Nawaambia wakaja! Wa kwanza alikuwa balozi wa nyumba kumi, yule wa kweli, na mkuki na kiatu kimoja. Nyuma yake walinzi wa kijiji, sungusungu, na pinde zao, katekista na pampu ya baiskeli, akina mama na majembe, timu nzima ya mpira ikiwa na jezi. "Wako wapi? Wako wapi?" Wakatazama uani na wakakuta uwanja mtupu, viti vimepinduka, mashine inapiga kelele, na wanaume wawili wageni wenye makoti wamekaa kwenye benchi wameinamisha vichwa kama waliokamatwa.

"Hawa hapa!"

Wakatuzingira. Baba mdogo (Mungu ampe maisha marefu) bado aliamini ni mtihani, akasimama mbele ya mikuki akaendelea na hotuba yake, "Mgomba huo tumeupenda, tunaomba tukauhamishie kwetu..." Kamanda wa sungusungu akamuuliza, "Mmekuja kuiba migomba?" Rungu likainuka juu ya kichwa changu, na mimi, kwa utii wa kijinga nisiosahau, bado nimekaa.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Consolata, ambaye kwa mila hakupaswa kuonekana mpaka aitwe, akatoka mbio na kitenge kinamdondoka. "Msimpige! Huyo wangu!" Kisha akanigeukia: "Na wewe zima hicho kitu chako!"

Ndipo nikasimama, nikachomoa waya wa spika pamoja na flashi, king'ora kikakatika.

Mzee Mathiasi akatoka migombani akijikung'uta majani. "Shikamoo, mzee," nikasema, kwa kukosa la kusema.

"Marahaba. Ni nini hiki?"

Nikaeleza. Jaribuni ninyi kueleza kirusi cha kompyuta mbele ya mikuki.

"Kwa hiyo mashine imeona mdudu, ikapiga induru?"

"Ndiyo, mzee."

"Mdudu yuko wapi?"

"Haonekani, mzee."

Akawatazama watu waliojaa uani mwake, wanatweta, majembe mabegani. "Na hawa wote wamekuja kumuua mdudu asiyeonekana." Wakaanza kucheka, mmoja, kisha wote, balozi akicheka na kiatu chake kimoja. Kamanda peke yake hakucheka. "Induru ya bure ina faini," akasema. Nikajua basi, mwenye duka wa Biharamulo ameshinda.

"Si ya bure," akasema Mzee Mathiasi, na sauti yake ilibadilika. "Siku tuliyokimbia kwetu, mama yangu alipiga induru mpaka sauti ikamkauka, hakuja mtu. Nikafika hapa, nikalima, nikazaa, na miaka yote nimejiuliza: siku na mimi nikiipiga hapa ugenini, nani atakuja?" Akawaonyesha kwa mkono, balozi, katekista, akina mama. "Mmekuja wote." Akafuta macho kwa kiganja wala hakujificha, na mimi pia nililia, sioni haya kusema.

Kisha akanigeukia. "Kijana, mke umepata. Hiyo mashine isirudi hapa." Vigelegele! Na kwa kuwa aliyeitikia induru harudishwi na kiu, pombe yetu yote ya ukweni ilinywewa na bonde zima, Deo akarudi kutoka alikokuwa kajificha, wanakwaya waliokuja na induru wakaimba kwa midomo yao wenyewe bila flashi, na baba mdogo Petro mpaka jua linazama alikuwa akijisifu, "Si niriwaambia wanatupima?"

Tangu siku ile niliapa, kompyuta ikiniuliza jambo naijibu hapo hapo, kile kitufe sikigusi tena. Na Consolata naye hakusahau. Akiniomba kitu nyumbani, nikasema "Baadaye, mama", hanijibu neno, anaweka tu mikono mdomoni na kuvuta pumzi, na mimi huyo nimeshasimama, sisubiri ruhusa ya baba mdogo.