Meno Yametoka

Kwa muda wote niliomjua bibi yangu, kila asubuhi alimwambia wifi yake "Sabalkheri," na wifi yake akamjibu "Sabalkheri." Basi. Ungedhani ni makarani wawili wa forodha waliopishana mlangoni. Nyumba zao pale Msambweni zilitazamana. Walichangia kisima kimoja na kamba moja ya kuanikia nguo, na chumvi ikiisha huku ilitoka kule. Lakini shikamoo haikupita kati yao hata siku moja, kwa sababu mdogo ndiye humwamkia mkubwa, na kila mmoja wao alishikilia kwamba yeye ndiye mkubwa.

Huyo wifi alikuwa dada wa marehemu babu. Mimi nilimwita bibi vile vile, lakini hapa nitamwita Wifi, la sivyo tutachanganyikiwa sote. Bibi hasa, yule aliyenilea tangu nikiwa wa kubebwa, ndiye huyu mwenye ubishi. Wifi naye hakuwa nyuma.

Mwaka ule baada ya mvua za El Nino, barabara zikiwa bado mashimo matupu, nilikuwa msaidizi katika maktaba ndogo kule Kwale mjini. Nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo ya majuma mawili ya kutunza nyaraka, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Alasiri moja tulikuwa uani tukila muhogo wa nazi, nikajitia ualimu. Nikasema mambo ya zamani yote yameandikwa mahali, kazi ni kuyatafuta tu, na kwamba karatasi haisahau wala haina upendeleo.

Wale wazee wawili wakaacha kutafuna.

"Karatasi ya serikali?" akauliza Wifi.

"Ya serikali, bibi."

"Nayo yaweza kusema nani alizaliwa mwanzo?"

Nikasema yaweza. Mdomo huu! Bibi akafuta mikono kwenye leso, akatangaza kwamba karatasi ikisema Wifi ni mkubwa, atamwamkia mbele ya majirani, na atamwamkia kila asubuhi mpaka Mungu atakapomchukua. Wifi naye akala yamini hiyo hiyo kwa upande wake. Kisha wote wawili wakanigeukia mimi, kana kwamba karatasi yenyewe nimeikalia.

Hapo ndipo nilipotambua nilichokifanya. Karatasi ikimpendelea Wifi, mimi ndimi nitakayekuwa nimemshusha shingo bibi yangu mbele ya watu, na shingo ile sikuwahi kuiona imeinama kwa yeyote. Niliogopa, nasema kweli. Lakini maji nilikuwa nimeshayavulia nguo.

Nikaanza na wenyewe, kama tulivyofundishwa. Nilichukua daftari na kalamu, nikamkalisha kila mmoja peke yake. Bibi, aliyezaliwa Shimoni na kuja Msambweni kuolewa, alisema alizaliwa mwaka wa nzige. Wifi, mzaliwa wa pale pale, alisema nzige walipotua yeye alikuwa akiwafukuza shambani kwa kupiga debe. Nikafunga daftari nikijua shauri limekwisha, maana anayepiga debe hawezi kuwa mdogo kuliko anayezaliwa siku hizo. Nilipomsomea bibi, hata hakushtuka.

"Hao aliowafukuza ni nzige wa pili," akasema. "Mimi ni wa nzige wa kwanza."

Basi ikawa ni kutafuta nzige. Maktaba yetu ilikuwa na magazeti ya miaka ya karibu na vitabu vya shule, nzige hamna. Nikaomba ruhusa, nikavuka feri kwenda Mombasa, kwenye makavazi, nyumba ambamo serikali huweka karatasi zake za zamani. Mtunza nyaraka alikuwa bwana mmoja wa bara, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni na sweta mwilini, joto la pwani halimwambii kitu.

"Madam, hizo files ni mob, zimejaa mpaka dari," akaniambia, "na index yenyewe ilienda na panya. Unatafuta nini haswa?"

Nikamweleza habari ya shikamoo tangu mwanzo. Alinisikiliza mpaka mwisho, tena kwa adabu.

"Sasa hao mashosho hawawezi kuambiana tu 'sasa' na 'poa,' story iishe?"

Nilimtazama kwa jicho ambalo bibi angelitambua kuwa ni lake. Akaenda kuleta mafaili.

Nzige niliwapata siku ya kwanza, na niliwapata wengi mno. Walikuja mwaka mmoja, wakarudi uliofuata, kisha wakarudi tena, na kila bwana mkubwa aliyekaa Kwale aliandika juu yao kana kwamba hakuna aliyewahi kuwaona kabla yake. Nzige wa kwanza ni wepi na wa pili ni wepi, hata nzige wenyewe wasingejua. Nikahamia kwenye madaftari ya kodi. Humo mliandikwa wanaume, na kando ya kila mwanamume idadi ya nyumba zake. Nilimkuta baba yake bibi na nyumba mbili. Nilimkuta baba yake Wifi na nyumba tatu. Wake zao na binti zao hawakuwamo hata kwa kalamu ya risasi. Nilikasirika hata nikafunga daftari kwa kishindo, na yule bwana wa bara akaweka kidole mdomoni mwake kunikumbusha nilipo.

Nilikwenda mara nne. Kila niliporudi Msambweni nilikuta wazee wawili wananingoja, mmoja huku na mmoja kule, na kila mmoja akijifanya anaanika nguo. "Bado," nilikuwa nikisema, nao wakaingia ndani.

Safari ya nne niliomba faili lililokuwa chini kabisa ya rafu, la ugonjwa wa minazi, kwa sababu mengine yote nilikuwa nimeyamaliza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama mpaka kiuno kikalia. Ndani, nyuma ya barua ndefu ya Kiingereza juu ya wadudu wa minazi, palikuwa na karatasi sita zisizohusika nayo kabisa, zimeshikwa kwa pini iliyoliwa na kutu. Ilikuwa orodha ya watoto waliochanjwa ndui, kijiji kwa kijiji, kuanzia Shimoni hadi Msambweni. Iliandikwa kwa Kiswahili na karani mmoja mwenye mwandiko mzuri wa kulalia.

Karani yule Mungu amrehemu. Alipewa safu ya umri ajaze, na umri hakuna aliyeujua, basi akaandika alichokiona. Mtoto mmoja: "ananyonya, anakaa." Mwingine: "anachunga mbuzi." Mwingine: "alimkimbia daktari, kakamatwa." Nilicheka peke yangu, na safari hii bwana wa bara hakunikemea, alikuja kusoma begani pangu.

Katika ukurasa wa Shimoni nikaliona jina la bibi, binti wa baba yule yule wa nyumba mbili. Kando yake: "anatembea, anasema kidogo." Nikafunua hadi Msambweni, nikateremka na kidole, nikamkuta Wifi. Kando yake: "meno ya mbele yametoka."

"Aha!" akasema bwana wa bara. "Mtoto wa kuota meno. Miezi nane, hivi. Shosho yako ameshinda."

Nikataka kuruka. Kisha nikaisoma tena, na furaha ikaanza kunywea. Meno yametoka: yametoka kwenye ufizi kuja duniani, au yametoka duniani yakaenda zake? Kama yameota, Wifi alikuwa kitoto kichanga na bibi yangu ni mkubwa. Kama yameng'oka, Wifi alikuwa msichana wa miaka sita au saba, kibogoyo wa kubadilisha meno, na bibi yangu ndiyo kwanza anajifunza kusema. Neno moja tu, na karani alikuwa ameondoka nalo. Tulikaa pale mimi na yule bwana tukabishana mpaka saa ya kufunga. Alinipigia fotokopi, akanisindikiza mpaka langoni. "Nijulishe vile itaenda," akasema. "Sasa hii imenishika."

Njiani kurudi nilikuwa nimeshaamua. Bibi alikuwa amehitimu Kurani, lakini herufi za kizungu hakuzijua, na yeye ndiye aliyenilea. Ningemsomea, ningemwambia meno yameota, na Wifi angefungwa na kiapo chake mwenyewe. Uongo haungekuwa uongo kamili, ungekuwa tafsiri tu. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya tangu Likoni hadi nyumbani.

Asubuhi ya pili nikamkuta jikoni akikanda unga wa mahamri. Nikafungua karatasi, nikasoma la kwake, nikasoma la Wifi, kisha nikamwambia kwa sauti ya furaha: "Unaona, bibi? Alikuwa mchanga, ndiyo kwanza anaota meno. Wewe ulikuwa unatembea. Wewe ndiwe mkubwa!"

Hakufurahi. Aliacha unga, akanawa mikono taratibu, akaketi juu ya kibao.

"Soma tena lile la wifi yangu. Soma lilivyo."

"Meno ya mbele yametoka."

"Basi yametoka," akasema. "Yameng'oka, mwanangu. Wewe unajua, nami najua."

Nikaiweka karatasi chini. Nilijisikia mdogo kuliko nilivyokuwa siku ile ya muhogo.

Ndipo aliponieleza lile ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Alipoletwa Msambweni alikuwa msichana tu, hamjui yeyote. Somo wake alimfunda ajitande leso, aangalie chini, ajibu kila anayemsalimu na asiinue macho. Fungate ilipokwisha akatolewa uani kuonwa na wanawake. Akaja mtu akamgusa goti, akasema, "Shikamoo, bi harusi." Naye kwa hofu akajibu marahaba. Uwanja mzima ukacheka. Alipoinua macho akamwona wifi yake, mtu mzima, ana mtoto kiunoni.

"Alikuwa akinitania, kama wifi anavyotania," akasema bibi. "Ningecheka pale pale, nikamshika goti nikamwamkia, yangekwisha. Niliona haya. Nikashupaza shingo nikasema, marahaba ni haki yangu, mimi ni mkubwa. Asubuhi yake akaniambia sabalkheri. Nami nikamjibu hivyo hivyo."

"Sasa ikiwa ulijua siku zote, mbona ukanituma mpaka Mombasa mara nne?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo hata mtoto analijua.

"Nilitaka karatasi inilazimishe. Mwenyewe nimejaribu, nikashindwa. Kila siku nasema kesho. Hata babu yako alipokufa, tulilia pamoja kitanda kimoja, asubuhi ikawa sabalkheri." Akainyanyua fotokopi, akaigeuza upande huu na upande huu. "Nayo yaja kuniambia nichague! Karatasi gani hii isiyo na haya?"

Nilicheka, na machozi yalikuwa yakinitoka. Yeye hakucheka. Alivua aproni, akachukua leso yake mpya ya juu kabisa sandukuni, ile aliyoiweka kwa Idi, akajitanda. Nikamfuata nimeshika karatasi, tayari kuisoma ikiwa nitaambiwa. Hakuna aliyeniambia.

Wifi alikuwa kizingitini pake juu ya mbuzi, anakuna nazi. Wanawake wawili wa jirani walikuwa kisimani wakiteka maji, nao walikuwa na habari ya kiapo kile kama mtaa mzima ulivyokuwa nayo. Walipomwona bibi amejitanda leso ya Idi siku ya kazi, waliacha kuvuta kamba. Bibi akavuka uwanja. Hatua kumi na mbili hazifiki, lakini niliona zinamchukua muda. Akasimama mbele ya wifi yake, akainama kwa shida ya magoti yake, akamgusa goti.

"Shikamoo, wifi."

Mkono wa Wifi ulisimama juu ya nazi. Alimtazama bibi, akaitazama ile leso, akanitazama mimi na karatasi yangu, kisha akarudi kwa bibi. Kidevu kikaanza kumcheza.

"Marahaba, bi harusi," akasema. "Umechelewa kuamka leo."