Makapeti ya Mama Raudha

Tusidanganyane: Sostenes hakuwa mtu wa maji. Alizaliwa Ushirombo, kwenye mihogo na mahindi, na maji mengi kuliko yote aliyoyaona utotoni yalikuwa kwenye lambo la ng'ombe. Alipofika miaka ishirini na moja akaingia machimboni Nyarugusu, akakaa huko miaka ishirini na sita akifanya kazi moja tu, kupiga matimba. Wenzake wakichimba kwenda chini, yeye ndiye aliyeteremka na magogo akayakaza kwenye kuta za shimo ili udongo usiwaangukie. Dhahabu ya kutajika hakuipata. Alichopata ni jina. Wachimbaji walisema shimo lililopigwa timba na Sostenes unaweza kulala ndani yake, tena ukakoroma.

Kisha kifua kikaanza. Kikohozi kikavu, usiku na mchana, mpaka akashindwa kupanda ngazi ya shimo bila kupumzika mara tatu. Daktari akaiinua picha ya mapafu kwenye mwanga wa dirisha, akamwambia, "Mzee wangu, hapa pamejaa vumbi. Ukirudi shimoni, usije ukasema hukuambiwa."

Basi akafunga mzigo, akamfuata mkewe Epifania kwao, kwenye mwalo mdogo wa wavuvi kando ya Ziwa Victoria, mkoa huohuo wa Geita. Epifania akaanza kukaanga samaki na kuwauzia wapita njia, na kwa miezi mitano yeye ndiye aliyeibeba nyumba. Sostenes alikaa barazani akihesabu kuku wa jirani. Simu kutoka Nyarugusu hazikukoma. "Fundi, matimba yanakusubiri! Utakuwa unasimamia tu, hutabeba kitu." Uongo mtupu, na yeye alijua ni uongo. Lakini mwanamume aliyezoea kazi ukimweka barazani miezi mitano, hata uongo unaanza kumpendeza. Epifania alikuwa akizisikia simu zile huku akigeuza samaki. Siku moja akasema bila kugeuka, "Baba Juliana, ukirudi kule sitakuzuia. Ila mbao za jeneza ukachague mwenyewe kabisa, maana wewe ndiye fundi."

Hapo ndipo mtumbwi ulipoingia.

Ulikuwa mtumbwi wa marehemu Pantaleo, mjomba wake Epifania, umelala kifudifudi nyuma ya nyumba miaka saba. Mbao mbili zilikuwa zimeoza kabisa, nyingine zimeachana mpaka unapitisha mkono, na chini yake kuku walikuwa wametaga na kuangua vizazi kwa vizazi. Mwanzoni mwa mwezi, Nkwabi, mwenyekiti wa kamati ya mwalo, mtu mwenye mdomo mkali na kofia ya manyoya hata jua likiwaka, akapita akitangaza: chombo chochote kisichoelea ifikapo Jumamosi ya mwisho wa mwezi kitapasuliwa kuni za kukaushia samaki. Alipofika kwa Epifania akaupiga mtumbwi teke, akacheka. "Huu nao! Huu nimeshauona ukiwaka."

Sijui ni lile teke au ni kile kicheko. Sostenes akasimama, akasema, "Huu utaelea." Na akilini mwake akaiweka hivi: ng'ambo ya ghuba kuna watu, kuna mihogo na mkaa, na kwa barabara ni nusu siku kuzunguka. Mtu mwenye mtumbwi atavusha watu na mizigo, na ziwani hakuna vumbi. Mtumbwi ukielea, anabaki. Ukikataa, Jumatatu anapanda gari la Nyarugusu. Epifania hakuambiwa hilo kwa maneno, ila alilijua. Mke wa miaka ishirini na mbili haambiwi kila kitu.

Hela ya kununulia mbao mpya haikuwapo, kwa hiyo akaanza kuokota. Na hapa nataka niseme ukweli kwa niaba yake: hakuna msumari mmoja katika mtumbwi ule ambao haukutoka mkononi mwa mtu. Deusdedit, shemeji yake, katekista wa Ushirombo, alileta kwa pikipiki benchi la kanisa lililovunjika mguu, mninga mtupu, limelainishwa na makalio ya waumini miaka arobaini. Likawa mbao mbili za ubavuni na kikalio kimoja. Wachimbaji wa zamani wakampa matimba yaliyotolewa kwenye shimo lililofungwa, nayo akayachonga mataruma, zile mbavu za ndani za mtumbwi. Mwenye kibanda kilichoungua akamruhusu aokote misumari kwenye majivu, akainyoosha mmoja mmoja juu ya jiwe. Mabaki ya lami akayakwangua kwenye pipa lililoachwa na watengeneza barabara. Kila jioni alikuwa akiwataja hao watu mbele ya Epifania, fulani kanipa hiki, fulani kile, na Epifania akijibu, "Mungu awaweke," huku akimpimia ugali mkubwa kuliko wa jana.

Akafanya kazi wiki mbili. Na alifanya kama alivyojua yeye: akabana. Ubao kwa ubao, akashindilia, akapiga kabari, akakaza mpaka hata sindano isingepita. Shimoni kilicholegea ndicho kinachoua, na mkono wake haukujua lugha nyingine. Akaushusha majini jioni ya Jumapili akijisikia mfalme. Asubuhi ya Jumatatu akakuta ubao mmoja umechomoka na misumari yake yote na mtumbwi umekaa chini ya maji, ncha tu ikichungulia.

Nkwabi alicheka mpaka akavua kofia. "We bwana, umejenga shimo! Mbao ikinywa maji inanenepa. Umeibana hivi, unataka inenepee wapi?" Halafu, kwa sababu Nkwabi si mtu mbaya ila ni mdomo tu, akachuchumaa akamwonyesha kwa kidole. "Acha nafasi hapa, na hapa. Halafu jaza pamba na lami. Mbao ikinenepa inaibana pamba, maji hayapiti."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili. Sostenes akang'oa kazi yote akaanza upya. Lakini pamba ya kujaza mtumbwi mzima si ya kuchomoa kwenye mto wa kulalia. Akakaa akiwaza kitu kinene, kizito, kisichooza haraka majini, na akilini mwake yakaja makapeti.

Machimboni, jiwe likishasagwa kwenye mashine wanayoiita karasha, unga wake huoshwa kwa maji juu ya ubao uliotandikwa kapeti, na dhahabu kwa uzito wake hunasa kwenye manyoya. Kapeti likichakaa halitupwi. Mwenyewe hulichoma, akaosha majivu, kwa sababu vumbi la dhahabu lililojificha chini ya manyoya haliondoki kwa kukung'uta. Sasa Sostenes alimfahamu mtu mwenye karasha Nyarugusu: Mwahija, ambaye kila mtu alimwita Mama Raudha, mwanamke wa Kiislamu aliyezaliwa Ngokolo, Shinyanga mjini, anayesimamia vijana kumi na wawili kwa jicho moja. Miaka sita nyuma, mdogo wake Nassibu na wenzake watatu walifukiwa mlango wa shimo. Walitolewa kesho yake, wazima wote wanne, kwa sababu huko chini matimba ya Sostenes hayakusogea hata kidole. Mama Raudha alimletea beberu wa shukrani. Sostenes alimchinja siku ileile akaalika kambi nzima wamle, akasema, "Mimi nilifanya kazi yangu tu." Tangu siku hiyo kila Mama Raudha alichojaribu kumpa alikikataa, mpaka mama wa watu akachoka.

Safari hii alikwenda mwenyewe kuomba.

"Shikamoo, Mama Raudha."

"Marahaba, Baba Juliana. Umekonda! Kifua?"

"Kinaendelea. Nataka mtumbwi wa kuvushia watu, nisirudi shimoni. Nimekuja kuomba makapeti yaliyochakaa. Mabovu kabisa, usiyoyahitaji."

Mama Raudha akaingia stoo, akarudi na furushi lililofungwa kamba, zito, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Chukua. Yamemaliza kazi kwangu. Cha kufanya unakijua mwenyewe."

Hakuongeza neno, na kule hakuna anayeongeza neno. Ukimpa mtu kitu chenye dhahabu ndani hukitangazi, kwa maana masikio ya wapita njia ni mengi na njia ya kurudi nyumbani ni ndefu. Anayepewa anaelewa. Mchimbaji yeyote, hata wa juzi, angeelewa. Sostenes wa miaka ishirini na sita ya machimbo, kichwa kimejaa nyufa za mtumbwi, alishukuru sana, akalifunga furushi kwenye pikipiki, akaenda kulikatakata kwa panga.

Alikata vipande vyembamba, akavichovya kwenye lami ya moto, akavishindilia kwenye kila ufa kwa patasi na nyundo ya mti. Safari hii aliacha nafasi. Mkono ulikuwa ukimkatalia, ukitaka kubana, naye akiukaripia kwa sauti: "Legeza, wewe! Legeza!" Epifania alidhani mumewe anagombana na mtu.

Jumamosi ya mwisho ikafika. Sheria ya kamati ilikuwa rahisi: watu wawili ndani, kuanzia asubuhi mpaka jua liwe utosini, na mtumbwi usizame. Sostenes akapanda na kopo la kuchotea maji. Kabla hajauliza nani wa pili, Epifania akakunja kanga akapanda naye. "Kama ni kuzama tuzame wote," akasema, "nani atakaa peke yake kukaanga samaki." Mwalo mzima ukaangua kicheko.

Saa ya kwanza maji yaliingia kidogo, Sostenes akachota harakaharaka. Saa ya pili yakapungua. Mbao zilikuwa zikinenepa. Kufikia saa ya tatu kopo lilikwangua ubao mkavu, naye akaona aibu kwa sababu machozi yalikuwa yanatoka na watu wapo. Aliwaza benchi la Deusdedit, aliwaza misumari ya kibanda, kila mtu na kipande chake, na wote wanamshikilia juu ya maji. Jua lilipokaa utosini, Nkwabi akavua kofia yake ya manyoya, akapiga kelele, "Umeelea! Kuni nitatafuta kwingine!"

Wakiwa wanavuta mtumbwi ufukweni ndipo Mama Raudha aliposhuka kwenye bodaboda. Alikuwa amekuja kuuona mtumbwi mpya ulionunuliwa. Ndivyo alivyodhani. Akautazama ule wa zamani, uliojaa viraka, akawasalimu wote, kisha akamvuta Sostenes pembeni, wala si mbali, kwa hiyo tulisikia.

"Baba Juliana. Yale makapeti uliyachoma lini?"

"Kuyachoma? Sikuyachoma, nimezibia." Akaonyesha nyufa kwa fahari. "Kila ufa unaouona hapo ni wewe."

Mama Raudha akaweka mikono kichwani. "Yalaa! Makapeti ya miezi minane! Hatujachoma hata moja! Nilikupa uchome, upate mtumbwi mpya na mashine yake, kwa kuwa ukipewa hela unakataa!"

Kila jicho likaenda kwenye zile nyufa nyeusi. Nkwabi alikuwa wa kwanza kupata sauti, akasema kama mtu anayetania lakini midomo imemkauka, "Si tuuchome tu sasa hivi? Kuni si tulishazipanga?" Hakuna aliyecheka.

Sostenes alisimama na maji kwenye vifundo vya miguu. Hebu jiweke pale alipo. Miaka ishirini na sita unaiandama dhahabu chini ya ardhi, na siku unayoipata umeipigilia kwenye mtumbwi kwa nyundo yako mwenyewe. Alimtazama Epifania. Epifania akasema, "Usiniangalie mimi. Mimi nimeshaelea."

Akamgeukia Mama Raudha. "Niambie kwanza. Ulipolitoa lile furushi stoo, ulitaka kunipa nini?"

Mama Raudha alikuwa na ukali wake wa siku zote usoni, ila sauti haikuufuata. "Nilitaka usirudi shimoni. Nassibu ana watoto wawili sasa. Sikutaka nije niwaambie kuwa aliyembakiza baba yao tumemwacha akafie vumbi."

"Basi umeshanipa," Sostenes akasema. "Hukukosea na mimi sikukosea. Nimepokea, Mama Raudha. Hii sikatai. Asante." Alikuwa hajawahi kumwambia neno hilo bila kuweka "lakini" mbele yake. "Sasa vua viatu, upande. Abiria wa kwanza ni wewe."

"Mimi? Mimi na maji wapi na wapi!"

"Hata mimi."

Akavua viatu. Epifania akampa mkono, na akakaa kwenye kikalio cha mninga, yeye wa msikitini juu ya benchi la kanisa, ameshikilia kingo kwa mikono yote miwili. Sostenes akatia kafi majini. Katikati ya ghuba, hofu ilipopungua, Mama Raudha akainama, akapitisha kidole polepole kwenye ufa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kila mtu anayetoka machimboni anajua kidole kile kilikuwa kinatafuta nini. Akakiinua akakitazama juani.

"Pakavu," akasema.

Sostenes akavuta pumzi ndefu, ikaenda mpaka chini bila kukohoa, akaendelea kupiga kafi.