Kidude cha Baridi

Siku hizi nikiwasimulia vijana kwamba kulikuwa na wakati kompyuta zilibandikwa saa, kalenda na hali ya hewa pembeni mwa kioo, wananitazama kwa huruma. Wao wana simu. Lakini mimi nilivipenda vile vidude, na siombi radhi kwa hilo.

Nilikuwa na duka la kuchapa na kutoa fotokopi mjini Moshi, karibu na soko. Nilianza na taipureta, serikali iliporuhusu biashara huria na kila mtu akataka kuchapiwa kitu. Kompyuta yangu ya kwanza ilikuwa ya mtumba, imechoka kabla haijafika kwangu. Ndani yake mlikuwa na saa ya mishale na kikokotoo, kila kimoja na kidirisha chake, na ukivifungua vyote pamoja mashine inaanza kuhema. Hata hivyo saa niliiacha wazi kutwa nzima ili wateja waione. Kompyuta iliyofuata ilijigamba kwamba italeta habari za dunia moja kwa moja juu ya kioo. Kwa intaneti ile ya kupitia waya wa simu? Ilileta mstatili mweupe na onyo la kosa, nikaizima kwa hasira nikaweka picha ya maua.

Kwa hiyo ilipokuja kompyuta mpya kabisa, yenye ukanda upande wa kulia, na kwenye ukanda saa, kalenda, vikaratasi vya njano vya kuandikia vikumbusho, na hali ya hewa ya mji wowote utakaoutaka, nilijiona nimefika. Fundi alinishauri niuondoe kwa sababu unakula nguvu ya mashine. Nilimwambia mashine ni yangu, na inayoliwa ni nguvu yangu.

Mji niliouchagua ulikuwa wa Kanada. Mdogo wangu alikuwa ameolewa huko, na Desemba ile alijifungua mtoto wake wa kwanza, wa kike. Kwetu Kilema, juu mlimani Kilimanjaro, mwanamke aliyejifungua hashiki sufuria. Analala, anafunikwa, analetewa mtori wa ndizi na nyama, supu na maziwa kwa miezi mitatu, mpaka anenepe na watu waone kwamba ana kwao. Mwenye kazi hiyo ni mama mkwe au mama mzazi. Mama mkwe wake alishafariki, mumewe alikuwa anafanya kazi zamu mbili, na mama yetu alikuwa huku kihambani, kwenye shamba la ukoo, na ng'ombe na migomba yake.

Alikuwa anapiga simu kila Jumapili, na kila Jumapili sauti yake ilizidi kufifia. Ndiyo. Hapana. Mtoto hajambo. Huyu ni mtu ambaye utotoni alifinywa kila Misa kwa kushindwa kunyamaza. Mama aliniuliza amekuwaje, nikamjibu ni uchovu tu, nami moyoni naogopa.

Siku za soko mama alishuka na ndizi, akimaliza kuuza anapita dukani kupumzika. Nikaona nimwonyeshe kile kidude, angalau aone kitu cha huko aliko mwanawe. Sikufikiri vizuri. Kulikuwa na picha ya theluji inayodondoka, na chini yake namba yenye alama ya kutoa. Nikamweleza kwamba hiyo ni baridi iliyopita hata ya barafu. Kuanzia hapo alikuja hata siku ambazo hana ndizi, anawasalimia wateja, anaketi kwenye benchi, anakikodolea macho kile kidude. Kila siku theluji. Nilitamani kumdanganya kwa kubadilisha mji.

Siku moja akanigeukia kwa ukali, kama mimi ndiye niliyekosea.

"Mwambie mumewe awashushe. Hata Kibo watu wanafika, wanapiga picha, wanashuka. Hakuna anayezalia kule."

Ilinichukua muda kumwelewa. Mama amezaliwa mlimani. Kwake baridi ni suala la kupanda, na joto ni suala la kushuka. Ukiona baridi imezidi unateremka Himo, unavua sweta. Theluji aliijua mahali pamoja tu duniani, nayo ni kileleni Kibo. Tena hakushangaa kwamba Wazungu wanaishi juu hivyo. Si hata mapadri wa kwanza waliacha tambarare wakapanda Kilema? Wanapenda juu, alisema, lakini mtoto mchanga hapendi. Nilijaribu kumweleza habari za dunia na jua, akanitazama kama mtu anayemsikiliza mlevi kwa adabu.

Jumapili iliyofuata alinipokonya simu kabla sijamaliza salamu, akatoa agizo lake mwenyewe: wahamie chini, hata kwa kupanga chumba, mpaka mtoto apate nguvu. Niliiweka simu sauti ya juu. Halafu nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu Desemba: mdogo wangu anacheka. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mama, huku hakuna chini. Ni tambarare mpaka macho yanapoishia."

Kisha kicheko kikageuka kilio. Akasema hapati usingizi. Akasema anamtazama mtoto na hasikii chochote moyoni, na anaogopa kumwambia mtu. Mama alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Njoo, mama," mdogo wangu akasema.

Mama hakuwahi kupanda ndege, na safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa Dar es Salaam, akarudi analalamikia maji. Alijibu anakuja, kwa sauti ileile ambayo angesema anakwenda Marangu kuona mgonjwa. Shemeji alimpeleka mdogo wangu kwa daktari wiki ileile, na mimi nikahangaikia viza. Ilichelewa hadi nikakonda. Ilipotoka, mama alifunga begi lake: kanga, rozari, na unga wa ndizi, maana hakuamini kwamba huko watu wanakula.

Nilidhani amechelewa, miezi mitatu ilishapita. Baada ya muda mdogo wangu alinipigia dukani, katikati ya siku ya kazi, anafoka. Mama alikuwa ameamua kwamba uzazi unahesabiwa kuanzia siku mlezi anapofika. Mtoto anakaribia kukaa, akasema, ndiyo kwanza mimi nalazwa! Amenifichia viatu. Ananiamsha usiku ninywe uji. Nguo hazinitoshi, na huyu mtoto naye amejifunza kunicheka, ukimwona utampenda, dada, mkorofi kama bibi yake. Nilijaribu kuingiza neno, hakunipa nafasi. Wateja walikuwa wamejaa mlangoni na karatasi zao mkononi. Niliwaacha wasubiri, nikakaa na simu sikioni, nikamwacha alalamike mpaka salio lake likaisha.