Kitambaa cha Dashibodi

Miaka ile ya mashamba ya ngano ya serikali, Yoakimu wa Gitting aliendesha trekta la kuvuta maji, lakini roho yake yote ilikuwa kwenye mashine mpya ya kuvuna. Mashine moja, madereva watatu wanaitaka. Basi akaja mtaalamu kutoka Arusha, Bwana Emilian, apande na kila mmoja aone kama macho yake yanafika kwenye mishale na taa za dashibodi, au yanatalii tu Mlima Hanang.

Kwa usafi Yoakimu hakuwa na mchezo. Trekta lake lilioga kuliko watoto wa wengine. Siku ya mtihani aliifuta mashine mpaka ikang'aa, kisha akatandaza juu ya dashibodi kitambaa cheupe cha kufuma, chenye maua mekundu, kama tunavyofunika redio nyumbani. Kitu cha thamani kiliwe na vumbi?

Wakaingia shambani. Emilian alikuwa na swichi ya kuwashia kwa siri taa nyekundu ya hatari. Akaibonyeza. Yoakimu anavuna, anapiga mluzi. Baada ya kitambo kirefu akainua pembe ya kitambaa kwa vidole viwili, akachungulia.

"Taa nyekundu, mzee."

"Imewaka tangu kule kwenye kichuguu!" Emilian alifoka. "Injini unaichungulia kama mboga jikoni? Ingekuwa imeshaungua!"

"Ni vumbi, mzee..."

"Vumbi utalifuta. Injini iliyoungua utaifuta na nini? Ondoa hicho."

"Kafuma mke wangu."

"Basi mke wako amekunyima mashine. Simama, nimwite mwenzako."

Walikuwa wamefika ukingoni, ambako wanawake wameleta chakula. Fransiska, mke wa Yoakimu, akatazama ndani ya mashine kupitia kioo, akapiga ukelele.

"Baba Zita! Kitambaa changu cha meza! Na mimi nimemwita jirani yangu Odilia mwizi mbele ya jumuiya nzima!"

Akapanda ngazi. "Shikamoo, baba," akamwambia mgeni, akakikwapua kitambaa, akashuka nacho.

Emilian alicheka mpaka akafuta machozi. "Haya, zunguka tena. Hakimu ameshaamua."

Safari hii taa ilikuwa haijakolea, Yoakimu ameshakanyaga breki. Mshale wa joto ukitikisika, anatangaza. Mwishowe Emilian akamshika mkono: mashine ni yako.

"Nianze kesho alfajiri, mzee?"

"Kesho alfajiri," Fransiska akadakia kutoka chini, "unaanzia kwa Odilia, kuniombea radhi. Ngano itasubiri, haina ulimi."