Bi Kisigino, fundi viatu aliyewaombea jirani zake akakosa yeye

Saa mbili asubuhi mlango wa karakana ya viatu uko wazi, na mwanamume mwenye mvi ndevuni amesimama mbele ya ukuta akitafuta mguu wake.

Si utani. Ukuta mzima, kutoka sakafuni hadi darini, umetundikwa miguu ya mbao: mikubwa, midogo, iliyopinda ndani, iliyopinda nje, mingine haizidi kiganja. Kila mmoja ulichongwa kwa kipimo cha mtu fulani ili kiatu chake kishonwe juu yake. Mwanamume huyu, dereva wa lori, alishonewa hapa kiatu chake cha kwanza akiwa na miaka mitano.

"Safu ya tatu, karibu na dirisha," anamwelekeza Bi Kisigino bila kuinua macho kwenye soli anayoipiga msasa. "Ule wenye kidole gumba kama kitunguu."

Dereva anautungua. Anauweka kiganjani, anacheka, halafu kicheko kinamkatikia njiani. Anauliza kama kweli aliwahi kuwa mdogo kiasi hiki.

"Mdogo na mkorofi," anajibu Bi Kisigino. "Siku ya kukupima ulimng'ata Fundi Mkuu, mzee wetu wa karakana, mkono. Kamuulize mama yako."

Wiki nzima watu wamekuwa wakija hivi. Chumba kinafungwa mwisho wa mwezi, na Bi Kisigino ametuma habari kwa kila anayemkumbuka aje achukue mguu wake. Ukimuuliza nani amekifunga, hazunguki.

"Mimi mwenyewe," anasema, akicheka kile kicheko chake cha mabega. "Kwa mdomo wangu huu huu, mbele za watu."

Jina la Kisigino alipewa na wenzake kwa sababu akikutana na mtu huangalia viatu kwanza, ndipo apande usoni. Mwandishi wa makala haya alikaribishwa kwa kuambiwa kwamba anakanyagia upande wa nje, na kwamba mgongo wake utakuja kumdai. Mgongo umeanza kudai.

Mguu wa kushoto wa Bi Kisigino ni mfupi kuliko wa kulia. Alizaliwa hivyo. Alifika kwenye karakana hii akiwa na miaka saba, mgongoni kwa baba yake, na anakumbuka harufu kabla ya kukumbuka sura ya mtu yeyote: gundi, ngozi mbichi, na chai iliyochemka kupita kiasi.

"Fundi Mkuu alinikalisha kwenye kiti, akaushika mguu wangu kwa mikono miwili, akanyamaza. Watu wote waliowahi kuushika walikuwa wanasikitika. Yeye alikuwa anapima tu."

Kila mtoto alichagua mwenyewe rangi ya uzi wa kushonea. Yeye alichagua mwekundu. Kiatu kilikuwa cheusi, soli yake ya kushoto nene kama tofali, na mishono myekundu ikikizunguka pande zote. Shuleni wenzake walilia kwao wakitaka kama kile.

"Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuonewa wivu kwa sababu ya mguu," anasema.

Siku hiyo alirudi nyumbani akitembea ubavuni mwa baba yake. Baba, aliyezoea kumbeba, alikuwa hajui mikono yake aiweke wapi. Mara aitie mfukoni, mara aifunge nyuma. Mwishowe alivua kofia akaenda ameishika njia nzima.

Akiwa na miaka kumi na saba alirudi kuomba kazi. Enzi zile benchi lilijaa mafundi sita, mabega yakigusana, redio moja juu ya kabati ikigombewa na watu wote. Mmoja anataka mpira, mwingine nyimbo, Fundi Mkuu anataka taarifa ya habari ili apate cha kubishia. Nyundo zilipigwa kwa zamu bila mtu kupanga, na mgeni aliyepita nje alidhani ni ngoma.

"Nikifumba macho nawasikia wote," anasema Bi Kisigino. "Nakosa hata ugomvi wao. Hasa ugomvi wao."

Leo wamebaki wawili, yeye na mkata ngozi aitwaye Mkasi, mwanamume mrefu, mwepesi wa ulimi, mzito wa kusamehe. Kwa mwaka hutoa viatu vya watu kama sitini. Karakana haifanyi biashara. Familia hulipa kinachopatikana, wakati mwingine shukrani tu. Mshahara wa Bi Kisigino humlazimisha kuchagua kila mwezi kati ya kodi ya nyumba na karo ya binti yake, na kimoja lazima kisubiri.

Kilichoifikisha karakana hapa ni Mfuko wa Wakazi. Wauza duka, walimu, madereva, wastaafu, kila mtu huchangia kidogo kila mwezi, na mara moja kwa mwaka fedha hizo hugawiwa vikundi vinavyohudumia watu: kituo cha watoto wadogo, maktaba, timu ya vijana, na vingine vya namna hiyo.

Mfuko huo una desturi moja ambayo wageni huidhania mzaha. Hakuna kikundi kinachojiombea. Zamani kilijiombea, na waliojaliwa maneno walikuwa wanaondoka na kila kitu huku wenye haya wakirudi mikono mitupu. Sasa hupigwa kura. Unayemwokota ndiye utakayemsemea. Unakwenda kukaa naye, unaona kazi yake, kisha unasimama ukumbini na kumwombea kama unavyojiombea nafsi yako.

Mwaka jana jengo la karakana liliuzwa. Mwenye nyumba mpya akapandisha kodi mara mbili. Njia ya kuponea ilikuwa moja, ule msaada mkubwa wa miaka mitatu ambao Mfuko hutoa kwa kikundi kimoja tu. Wengine hupata kidogo cha kusukumia siku. Mtaani kote ilijulikana kwamba wanaoukaribia ni wawili: karakana ya viatu, na akina mama wanaohudumia wagonjwa majumbani.

Bi Kisigino akaingiza mkono kwenye kapu la kura. Akawaokota akina mama.

"Mkasi alicheka mpaka akakaa chini," anasimulia. "Halafu akaona mimi sicheki."

Jioni ile Mkasi alimshauri. Bi Kisigino anayakumbuka maneno hayo, na Mkasi mwenyewe, akiwa amekaa pale pale anakata ngozi, hayakani.

"Nilimwambia, dada, hakuna anayekutaka useme uongo. Sema nusu. Waambie ni watu wazuri, wanajitahidi, basi, shuka. Nani atajua?"

"Na mimi nilikubali," anaongeza Bi Kisigino. "Andika hivyo hivyo. Usinifanye malaika. Nilikwenda kwa wale akina mama nikiwa nimeshaamua kuona nusu."

Kiongozi wao huitwa Dada Mkubwa, mama mnene mwenye sauti ndogo. Hawana ofisi. Wana mifuko ya bega yenye sabuni, taulo, glavu na mafuta ya kupaka, na kila mmoja ana nyumba zake za kupita. Bi Kisigino aliwafuata ngazi kwa ngazi, mlango kwa mlango, akisubiri kuchoshwa nao.

Siku ya pili walimpeleka kwenye nyumba anayoijua.

Ilikuwa nyumba ya binti wa Fundi Mkuu. Mzee alianguka na kupooza miaka miwili iliyopita, na Bi Kisigino hakuwa amemtupa. Alikuwa akienda sikukuu kwa sikukuu, anakaa sebuleni, anapewa chai, anaambiwa mzee amelala, anaacha salamu na kuondoka. Chumba cha nyuma hakuwahi kuingia. Anasema aliogopa, na alishukuru kila alipoambiwa amelala.

Safari hii aliingia nyuma ya Dada Mkubwa akiwa amebeba beseni.

"Alikuwa amekwisha, amebaki macho. Hakunijua. Nikamwambia, Fundi, ni mimi. Akanitazama hivi kama unavyomtazama mtu benki." Bi Kisigino anaweka msasa chini. "Dada Mkubwa akasema nikae kitandani tumgeuze. Nikakaa. Miguu yangu ikawa karibu na mkono wake ule mzima. Basi bwana, mkono ukatembea. Ukakishika kiatu changu cha kushoto. Akapapasa soli, akapapasa kisigino, taratibu, kama zamani. Akasema, nani kakushonea hiki? Nikasema, nimejishonea. Akasema, umeshona vizuri, ila kisigino umekizidisha kidogo."

Anacheka, na machozi yanamtoka vile vile, wala hayafichi.

"Na kweli nilikuwa nimekizidisha."

Aliporudi karakanani siku hiyo alipitisha saa nzima bila kushika kazi. Mkasi akamuuliza ameona nini. Akamjibu kwamba ameona yote.

Ukumbi ulijaa. Karakana ilisemewa na kocha wa timu ya vijana, ambaye kila sentensi aliirudisha uwanjani, lakini alisema kwa moyo na watu wakampigia makofi. Bi Kisigino anasema hana la kumlaumu.

Kisha akaitwa yeye. Mkasi alikuwa safu ya mbele, amekunja mikono.

"Nilianza ile nusu yangu. Ni watu wazuri, wanajitahidi. Nikafika hapo, nikaiacha ile nusu. Nikawaambia, jamani, kuna mzee mmoja, nusu yenu hapa mnatembea kwa sababu yake. Miaka miwili yuko kitandani. Hana kidonda hata kimoja mgongoni, hata kimoja! Nimemwona kwa macho yangu, ngozi yake safi kama ya mtoto aliyeogeshwa. Anageuzwa, anapakwa mafuta, anapigiwa hadithi ambazo hazijibu. Na wanaomfanyia hivyo hawana hata nauli. Mkiwaacha hawa, mnamwacha yeye. Mkimwacha yeye, sijui viatu nitamshonea nani kwa moyo gani."

Watu hawakupiga makofi. Mwenyekiti wa Mfuko akavua miwani.

"Hapo nikajua nimetumaliza," anasema.

Msaada wa miaka mitatu ulikwenda kwa akina mama. Karakana ilipewa kiasi cha kununulia ngozi na gundi ya mwaka mmoja. Ngozi ya mwaka mmoja, chumba cha mwezi mmoja.

Mkasi hakusema naye kwa muda. Alikata ngozi, akaiweka benchi, akageuka. Kazi ilifanyika kimya katika chumba ambacho hakikuwahi kujua kimya, na Bi Kisigino anasema adhabu hiyo ilimuuma kuliko kodi. Alikuwa akifungua redio asubuhi ili kuwe na mtu anayeongea.

Aliyeuvunja ukimya huo ni Dada Mkubwa. Alikuja kushukuru, akakaa ukingoni mwa kiti na mfuko wake mapajani, akazunguka zunguka na maneno, halafu akauliza kama anaweza kuomba jambo. Katika nyumba wanazopita kuna watoto ambao miguu yao inahitaji viatu vya kushonewa kwa kipimo. Amewahesabu kumi na mmoja. Wengine hutambaa.

Bi Kisigino alishangaa, akaona kama ametukanwa. Karakana ipo miaka yote hiyo, hatua chache tu kutoka sokoni, mlango wazi. Akauliza kwa nini hawakuwahi kuletwa.

Dada Mkubwa alimtazama bila kuelewa swali.

"Waje kwa miguu gani?" akasema.

Mkasi, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, aliinua kichwa. Anasema yeye na Bi Kisigino walitazamana kama wezi waliokamatwa.

"Unaona aibu yetu?" anasema Bi Kisigino. "Mimi nilikuwa na baba mwenye mgongo. Nikadhani kila mtoto anao. Tumekaa humu, tunapendana, tunapiga soga, nisiseme uongo, yalikuwa maisha matamu, na bado nayalilia. Lakini tulikuwa tunawangoja watu wasioweza kutembea watutembelee."

Mpango ukazaliwa pale pale. Benchi na cherehani vinahamia chumba cha mbele cha Bi Kisigino, ambako binti yake ameshalalamika kuhusu harufu. Mkasi atakatia ngozi nyumbani kwake. Vipimo vitachukuliwa majumbani, kwa kufuatana na zamu za akina mama, na viatu vitapelekwa huko huko. Mkasi ameshona mfuko wa bega wa ngozi, wenye nafasi ya futi, karatasi za kuchorea nyayo na vipande vya soli. Hakuomba radhi. Aliuweka tu mezani na kusema kamba yake inarefushwa.

Alhamisi, baada ya dereva na wengine kuondoka na miguu yao, Bi Kisigino anatoka kwenda nyumba ya kwanza. Iko ghorofa ya nne. Anapanda akishika ukuta, anapumzika kila kona, anawasengenya waliojenga ngazi. Mkasi yuko nyuma yake akibeba soli na kumwambia apunguze maneno abakishe pumzi.

Mtoto ana miaka tisa. Amekaa kwenye mkeka karibu na dirisha, nyayo zake zimegeukiana, na anajua majina ya maduka yote ya barabarani kwa kuyasoma kutoka juu. Bi Kisigino anakaa chini, si kitini, anaushika mguu mmoja kwa mikono miwili. Ananyamaza. Anachora, anapima, anachora tena. Mtoto naye anamtazama kiatu chake cha kushoto, anaacha kutazama kwingine.

Mama yake amesimama mlangoni akifuta mikono iliyokwisha kukauka. Anasema walisikia habari za karakana tangu mtoto akiwa mchanga. Anasema mara moja walijaribu kumteremsha, wakaishia ghorofa ya pili. Kisha anauliza, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuambiwa arudi kesho, kiatu kikiwa tayari wakifuate wapi.

"Hamkifuati popote, mama," anasema Bi Kisigino, akijisukuma kusimama kwa mguu wake mfupi na kuutupia mfuko begani. "Miaka yote hiyo nilikaa mimi. Sasa natembea. Kule ghorofa ya pili mlikoishia, kuna mtoto mwingine?"